Petro Asema Kweli, na Yosefu Asema Kweli

Katika kila kijiji cha wakulima pana ubishi usiokwisha. Mmoja, tumwite Petro, asema kwamba mbolea ya dukani ni kutupa fedha. Alinunua mfuko mmoja, akautia shambani kwa uangalifu, akavuna karibu sawa na miaka yote. Jirani yake, tumwite Yosefu, amtazama kwa mshangao, maana yeye alinunua mfuko wa namna ile ile, katika duka lile lile, na mahindi yake yakajaa ghalani hata akakosa pa kuyaweka. Wakikutana baada ya Misa hubishana mpaka jua likawa kali. Watu husikiliza na kucheka, na kila mtu huenda zake akidhani kwamba mmoja wa hao wawili ni mwongo, au mvivu.

Wala si hivyo. Wote wawili wasema kweli. Petro alipanda mbegu ya zamani aliyoitoa ghalani mwake, tena alichelewa kupanda. Yosefu alipanda mbegu mpya kwa mvua za kwanza. Swali la kuuliza kama mbolea yafaa au haifai halina jibu mpaka uulize kwanza: kwa mbegu gani? Kwa maji kiasi gani? Katika udongo upi? Ilitiwa lini?

Jambo hili laonekana dogo, la kuzungumzwa chini ya mwembe. Walakini wenye elimu ya sayansi walichukua muda mrefu kulielewa vema, na mahali lilipodharauliwa fedha nyingi zilipotea. Mahali lilipofuatwa, mamilioni ya watu walipata chakula. Basi, ndugu msomaji, kaa kidogo tulitazame.

VIPANDE VINNE VYA SHAMBA

Tuanze na hesabu ya mfano tu. Tuseme Petro amegawa shamba lake katika vipande vinne vilivyo sawa. Katika cha kwanza apanda mbegu ya zamani bila mbolea, avuna magunia 4. Katika cha pili apanda mbegu ya zamani pamoja na mbolea, avuna magunia 5. Katika cha tatu ni mbegu mpya bila mbolea, na hapo pia avuna magunia 5. Je, kipande cha nne, chenye mbegu mpya na mbolea pamoja, kitatoa magunia mangapi?

Mtoto wa shule atajibu upesi: mbolea yaongeza gunia 1, mbegu mpya yaongeza gunia 1, kwa hiyo ni 6. Hesabu yake ni safi. Lakini shambani Petro aweza kukuta magunia 10. Hayo 4 yaliyozidi yametoka wapi? Mbolea haikuyaleta peke yake, wala mbegu haikuyaleta peke yake. Yametoka katika kukutana kwao.

Sasa mfikirie mkulima mwingine, mtu mwangalifu kabisa, ajaribuye kitu kimoja kimoja. Mwaka wa kwanza atia mbolea kwenye mbegu yake ya zamani. Aona gunia 1 tu limeongezeka, bei ya mfuko haikurudi, aiacha mbolea. Mwaka wa pili ajaribu mbegu mpya bila mbolea. Gunia 1 tena. Aiacha na mbegu. Amefanya kazi miaka miwili, amepima kwa haki, hakumdanganya mtu, na yale magunia 10 hakuyaona hata kwa mbali. Kosa halimo katika mizani yake. Limo katika namna alivyouliza.

Mama anayeoka mikate nyumbani alijua neno hili zamani. Hamira ni nzuri, na joto ni zuri. Hamira ndani ya maji ya uvuguvugu huumua unga hata ukainua kifuniko. Hamira ile ile ndani ya maji yanayochemka hufa, na mkate hutoka mgumu kama tofali. Kwa hiyo vitu viwili vikikutana si lazima visaidiane. Pengine huharibiana.

SHAMBA LINALOPANDWA TANGU 1843

Kaskazini ya London, karibu na mji mdogo wa Harpenden, kuna shamba la majaribio liitwalo Rothamsted. Mwenye shamba hilo, Bwana John Bennet Lawes, pamoja na mtaalamu wa kemia Joseph Henry Gilbert, walianza kupima mbolea hapo mwaka 1843. Uwanja wao maarufu waitwa Broadbalk. Waliugawa kwa vipande virefu, wakapanda ngano. Kipande kimoja hakikupata kitu. Kingine kilipata samadi ya ng'ombe. Vingine vilipata mbolea za chumvi, hiki fosfeti na potasi, kile naitrojeni, na kile vyote pamoja. Mwaka uliofuata wakarudia, na mwaka uliofuata tena. Wazee hao wawili walifanya kazi pamoja miaka 57, hata Lawes akafariki mwaka 1900. Ngano yapandwa katika uwanja huo mpaka leo. Sijui ni wangapi kati yetu wangevumilia kutazama kipande kisichotiwa chochote, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya elimu tu.

Waliona nini? Fosfeti na potasi zikitiwa bila naitrojeni, ngano iliongezeka kidogo tu. Naitrojeni peke yake ilisaidia, lakini si kwa nguvu zake zote. Zilipotiwa pamoja, mavuno yalipanda sana. Naitrojeni ilikuwa kama fundi hodari aliyenyimwa misumari.

Mwaka 1919 Rothamsted ilimwajiri kijana wa miaka 29, Ronald Fisher. Macho yake yalikuwa mabovu sana, naye alizoea kufanya hesabu kichwani. Kazi yake ilikuwa kuchambua madaftari ya mavuno na mvua yaliyokusanyika kwa zaidi ya miaka 70. Mkuu wa shamba, Sir John Russell, aliandika mwaka 1926 kwamba jaribio zuri la shambani ni jepesi, na kwamba yafaa kuuliza swali moja kwa wakati mmoja. Wakati huo karibu kila mtaalamu angeitikia neno hilo. Fisher hakuitikia. Mwaka ule ule aliandika makala yake, akampinga mkubwa wake waziwazi.

Maneno yake yalikuwa na maana hii. Maumbile ya dunia hayajibu kama karani wa ofisi, swali na jibu, swali na jibu. Ni kama mzee wa baraza. Ukimjia na swali moja kavu, huenda akanyamaza, mpaka kwanza mmezungumza na lile jingine linalohusika. Mwulize mambo kadhaa pamoja, kwa mpango mzuri, naye atakueleza yote, tena na namna yanavyoshikana.

Akaonyesha kwa vitendo. Katika makala hiyo alichora shamba la oti lililogawanywa viwanja 96. Humo alikuwa akiuliza maswali matatu kwa pamoja: namna ipi ya mbolea kati ya mbili, kiasi gani, na itiwe mapema au baadaye. Kila mchanganyiko ulipata viwanja vyake. Mtu asiyezoea atasema kwamba hayo ni machafuko. Lakini tazama faida yake. Kila kiwanja kilifanya kazi mara tatu, kwa maana kilisaidia kujibu swali la namna, na la kiasi, na la wakati. Mkulima wa kitu kimoja kimoja angehitaji mashamba matatu na asingejua kama mbolea ya mapema yataka kiasi tofauti na ya baadaye.

Tena Fisher alipiga kura kuamua kiwanja gani kipate nini. Kura! Wengi walishangaa. Lakini sisi tulimao karibu na vichuguu twaelewa upesi. Udongo wa kichuguu una rutuba. Ukitia mbolea yako mahali penye kichuguu, na kuacha mahali pengine bila kitu, utaisifu mbolea kwa kazi iliyofanywa na mchwa. Kura haina mapendeleo, wala haijui kichuguu kiko wapi.

NGANO NDEFU NA NGANO FUPI

Yaliyotokea baadaye katika nchi ya Meksiko yaonyesha uzito wa jambo hili kuliko hesabu zote.

Mwaka 1944 alifika huko Mmarekani mmoja, Norman Borlaug, mtoto wa mkulima wa Iowa. Ngano ya Meksiko ilikuwa ikiliwa na ugonjwa wa kutu, na mashamba yalikuwa yamechoka. Borlaug na wenzake walichanganya mbegu maelfu kwa mikono, ua kwa ua, wakapata ngano iwezayo kuishinda kutu. Kisha wakatia mbolea ili udongo uliochoka upate nguvu. Hapo shida mpya ikatokea. Ngano ya kale ilikuwa na bua refu na jembamba. Ilipopata mbolea ya kutosha ilirefuka zaidi, suke likawa zito, upepo ukavuma, mvua ikanyesha, na shamba zima likalala chini kama mkeka. Suke lililolala huoza, tena ni vigumu kulivuna.

Fikiri sasa: mtu aliyeipima mbolea peke yake kwa ngano ile ndefu alikuwa na haki ya kusema kwamba ukizidisha mbolea, wapata hasara. Aliona kwa macho yake. Naye angeliandika neno hilo katika vitabu, na watu wangeliamini.

Dawa ilitoka mbali. Huko Japani palikuwa na ngano fupi iitwayo Norin 10, ambayo bua lake lilifikia kama futi 2 tu. Baada ya vita, mwaka 1946, mtaalamu wa Marekani aliiona huko akatuma mbegu zake kwao. Katika jimbo la Washington, Orville Vogel aliichanganya na ngano za huko, na baadaye Borlaug akapata mbegu za mchanganyiko huo. Ilichukua miaka ya kuchanganya na kutupa, kuchanganya na kutupa. Mwaka 1962 Meksiko ikatoa kwa wakulima mbegu fupi za kwanza, Pitic 62 na Penjamo 62. Bua lao lilikuwa fupi na la nguvu. Zilipopewa mbolea na maji hazikulala; nguvu yote ilikwenda katika suke.

Mbegu hizo fupi, zikipandwa katika udongo uliochoka bila mbolea, hazikuwa ajabu kubwa. Ushahidi uko pale pale Broadbalk. Mwaka 1968 walianza kupanda humo ngano ya bua fupi badala ya ile ndefu ya zamani, na baadaye wakaendelea na mbegu mpya zaidi. Kile kipande kisichopewa chochote hubaki kutoa kama tani 1 tu kwa hekta, kama zamani. Mbegu ilibadilika, mavuno hayakubadilika. Lakini vipande vyenye mbolea ya kutosha, ngano ikilindwa na magonjwa na kupandwa kwa zamu na mimea mingine, viliweza kutoa tani 8 na zaidi. Wazee Lawes na Gilbert hawakuota mavuno ya namna hiyo.

Mwaka 1965 mbegu za Meksiko zilipelekwa kwa meli India na Pakistani, nchi zilizokuwa zikitishwa na njaa. Wakati huo India ilivuna kama tani milioni 12 za ngano kwa mwaka. Mwaka 1970 ilivuna kama milioni 20. Mwaka huo huo Borlaug alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, naye alikuwa mtu wa mashamba, si wa siasa. Tusifiche na upande wa pili. Mbegu hizo zilihitaji maji na mbolea, kwa hiyo waliofaidika kwanza walikuwa wenye mifereji na wenye fedha. Maskini wa nchi kavu alipata mbegu ile ile, na sifa ile ile redioni, asipate mavuno yale. Ndiyo hadithi ya Petro na Yosefu, imekua ikawa ya mataifa.

KONGWA: GHARAMA YA KUTOJARIBU

Wazee wa Dodoma hawahitaji kwenda Meksiko. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kwa sababu baada ya vita watu wa Uingereza walipungukiwa na mafuta ya kupikia. Mpango ulikuwa wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, kuanzia Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Karanga ni zao zuri. Trekta ni mashine nzuri. Ardhi ilikuwa tele. Kila kitu, kikitazamwa peke yake katika karatasi, kilikuwa kizuri.

Shida ilikuwa katika kukutana kwao. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, tena una mchanga mkali unaotafuna chuma. Majembe ya matrekta yaliisha upesi, na mizizi ya vichaka ikavunja mashine, hata vile vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Karanga nayo, kama kila mama ajuavyo, huzaa chini ya ardhi. Mvua ikikatika mapema udongo hukaza, na karanga zilizokomaa zabaki zimefungwa humo. Mvua za Ugogo hazitabiriki, na Wagogo walilijua hilo tangu babu zao. Udongo ule ule ungekuwa na mvua ya mahali pengine, au mvua ile ile ingenyesha juu ya udongo tifutifu, mambo yangekuwa mengine.

Hapakuwa na shamba dogo la kujaribia hayo yote pamoja kabla ya kuanza lile kubwa. Mpango ulivunjwa mwezi wa Januari 1951, na hasara ilikuwa yapata pauni milioni 36. Kwa fedha hizo ungeweza kupanda viwanja vya Fisher toka Kongwa mpaka pwani.

VIGAE VYA JAPANI

Jambo hili si la mashamba tu. Mwaka 1953 kiwanda cha vigae cha Ina, huko Japani, kilikuwa na tanuri kubwa jipya la gharama. Vigae vilivyokaa pembeni vilitoka kwa vipimo mbalimbali, na vya katikati vilitoka vizuri, kwa kuwa moto haukuwa sawa kila mahali. Mtu yeyote aliyewahi kuchoma matofali ajua aibu hiyo. Njia moja ilikuwa kulijenga tanuri upya, kwa fedha nyingi. Badala yake mafundi walijaribu mambo kadhaa ya udongo kwa pamoja, kwa utaratibu ulioanzia kwa Fisher. Wakaona kwamba wakiongeza chokaa katika udongo kutoka sehemu 1 ya mia hadi 5, vigae havijali tena tofauti ya moto. Tanuri halikuguswa, na chokaa ni kitu cha bei rahisi.

UKITAKA KUJARIBU NYUMBANI

Mtu mmoja ataniuliza: je, tujaribu mambo yote pamoja? Hapana. Mambo 2 yataka vipande 4. Mambo 3 yataka 8, na mambo 4 yataka 16. Ukijitia kujaribu mambo 10, utahitaji vipande 1,024, na jirani zako watadhani umerukwa na akili. Chagua mawili unayoona yana uzito mahali pako: labda mbegu na mbolea, labda samadi na siku ya kupanda.

Pima kwa hatua vipande 16 vidogo, kila kimoja hatua 10 kwa 5, mahali palipo sawasawa kadiri iwezekanavyo. Tia vigingi na kamba ya katani. Andika karatasi 16, nne kwa kila mchanganyiko, uzikunje, uzitie katika kofia, na umwite mtoto azitoe moja moja mbele ya kila kipande. Usizibadili hata kama kura imeangukia mahali usipopapenda. Palilia vyote siku moja.

Wakati wa kuvuna, acha mistari ya pembeni ya kila kipande, usiihesabu, maana mizizi yake imekula mbolea ya jirani. Vuna ya katikati peke yake, kila kipande katika gunia lake lenye karatasi yake ndani. Tumia mizani moja kwa yote. Mwenye daftari aandike papo hapo, na gunia lisimwagwe ghalani mpaka amemaliza kuandika.